Thaddeus Stevens

Thaddeus Stevens (Danville, Vermont, 4 Aprili 1792 – Washington, D.C., 11 Agosti 1868) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani. Anakumbukwa hasa kama mmoja wa viongozi wakali zaidi wa kupinga utumwa katika Bunge la Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865) na miaka iliyofuata. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa jimbo la Pennsylvania, ambako mwaka 1835 alizuia kufutwa kwa sheria iliyoanzisha shule za umma zinazolipiwa kwa kodi ya wananchi wote. Yeye mwenyewe aliihesabu kazi hiyo miongoni mwa mambo makubwa ya maisha yake.

Maisha ya awali na elimu

Stevens alikuwa mtoto wa pili kati ya wavulana wanne wa Joshua Stevens na Sarah Morrill. Alipewa jina la Tadeusz Kościuszko, jenerali Mpolandi aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vya uhuru. Alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda, akachechemea maisha yake yote. Kaka yake mkubwa alikuwa na kasoro hiyohiyo katika miguu yote miwili.

Baba yake, aliyekuwa mkulima na fundi viatu, aliitelekeza familia, na mama akabaki kuwalea watoto peke yake katika umaskini. Kwa kuwa Thaddeus hakuweza kazi nzito za shamba, mama yake aliona kwamba tegemeo lake lingekuwa elimu. Aliihamishia familia katika mji wa Peacham, ulio karibu na Danville, kwa sababu huko kulikuwa na shule ya sekondari. Stevens alimshukuru mama yake kwa uamuzi huo hadi uzeeni, na alipopata fedha alimnunulia shamba.

Baada ya kusoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Vermont, alihitimu Dartmouth College mwaka 1814. Mwaka uliofuata alihamia York, Pennsylvania, akafundisha shuleni huku akijisomea sheria. Mwaka 1816 alikubaliwa kuwa wakili, akafungua ofisi katika mji wa Gettysburg.

Wakili na mfanyabiashara

Katika miaka michache Stevens alipata sifa ya kuwa wakili hodari. Kesi mojawapo ya wakati huo ilibaki doa katika maisha yake: mwaka 1821 alimtetea mmiliki wa watumwa dhidi ya Charity Butler, mwanamke Mweusi aliyedai uhuru wake na wa watoto wake kwa sababu alikuwa ameishi Pennsylvania. Stevens alishinda, na mwanamke huyo akarudishwa utumwani. Baada ya hapo msimamo wake ulibadilika kabisa. Kwa miaka mingi alitetea watu waliotoroka utumwa, mara nyingi bila malipo.

Alinunua viwanja na nyumba nyingi Gettysburg, akawekeza pia katika viwanda vya kuyeyusha chuma. Hivyo alipoingia bungeni kutetea kodi ya shule, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale ambao kodi hiyo ingewagusa zaidi. Hakuwahi kuoa wala hakuwa na mtoto wa kumpeleka katika shule hizo.

Mwaka 1833 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania akitokea Kaunti ya Adams. Chama chake kilikuwa kile kilichoundwa kupinga chama cha siri cha Wamasoni, na kwa miaka kadhaa aliwashambulia Wamasoni kwa ukali uliomjengea maadui wengi. Katika kipindi chake cha kwanza alisaidia chuo kipya cha mjini kwake, kinachojulikana leo kama Gettysburg College, kupata fedha za jimbo.

Elimu Pennsylvania kabla ya 1834

Katiba ya Pennsylvania ya mwaka 1790 iliagiza bunge la jimbo lianzishe shule kwa namna ambayo watoto wa maskini wangefundishwa bure. Agizo hilo lilitekelezwa kwa sheria ya mwaka 1809. Wakadiriaji wa kodi walitakiwa kuandika majina ya watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa ada, na kaunti iliwalipia katika shule binafsi zilizokuwepo.

Mpango huo ulikuwa na kasoro kubwa. Ili mtoto asome, mzazi alipaswa kutambuliwa hadharani kuwa fukara, na jina la familia likaingia katika orodha. Wazazi wengi waliona heri mtoto abaki nyumbani kuliko kupata aibu hiyo. Watoto walioandikwa walijulikana darasani kuwa ni watoto wa maskini. Maeneo yasiyokuwa na shule binafsi hayakupata faida yoyote, kwa kuwa sheria ililipa ada tu bila kujenga shule.

Sheria ya shule huru ya 1834

Gavana George Wolf, wa chama cha Democratic, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alilisukuma bunge litunge sheria mpya. Seneta Samuel Breck wa Philadelphia aliongoza kamati ya pamoja ya mabaraza mawili iliyoandaa muswada. Sheria ilipitishwa karibu bila upinzani na kutiwa saini tarehe 1 Aprili 1834.

Sheria hiyo iligawa jimbo katika wilaya za shule. Kila kata na kila mji mdogo ulikuwa wilaya yake, ukiwa na bodi ya wakurugenzi waliochaguliwa na wapiga kura. Jimbo lilitenga dola 75,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa shule, zigawiwe kwa kaunti zote. Ili kupata fungu lake, wilaya ilipaswa kukubali kutoza kodi yake yenyewe, isiyopungua mara mbili ya kiasi kilichotoka jimboni. Wilaya iliyokataa haikulazimishwa kufungua shule, lakini ilipoteza fungu lake.

Kwa njia hiyo gharama ya shule iligawanywa kati ya jimbo na wilaya, na sehemu kubwa ikabebwa na wilaya. Pia kwa mara ya kwanza mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wangeingia mlango mmoja bila kuulizwa uwezo wa wazazi wao.

Upinzani

Wananchi walipotakiwa kupiga kura wilaya kwa wilaya, hasira ililipuka. Wakulima wenye ardhi walilalamika kwamba kodi ingewaangukia wao. Watu wasio na watoto, na wale ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kukua, waliuliza kwa nini walipie watoto wa wengine. Wajerumani wa Pennsylvania, wakiwemo Walutheri, Wareformati na Wamennonite, walikuwa na shule za makanisa yao zilizofundisha kwa Kijerumani. Walihofia kwamba shule za serikali zingeua lugha na dini yao. Waquaker nao walikuwa na shule zao, hawakutaka kulipa mara mbili.

Uchaguzi wa bunge wa mwaka 1834 ulitawaliwa na suala hilo, na wagombea wengi walishinda kwa kuahidi kuifuta sheria. Bunge lilipokutana lilipokea maombi yenye sahihi za watu takriban 32,000 wakidai ifutwe; sahihi za walioitetea zilikuwa chache sana kwa kulinganisha. Mapema mwaka 1835 Seneti ilipiga kura kuifuta na kurudisha utaratibu wa kuwalipia maskini peke yao. Baadhi ya maseneta waliopiga kura hiyo walikuwa wameiunga mkono sheria mwaka mmoja tu uliopita.

Hotuba ya 11 Aprili 1835

Muswada wa kufuta sheria ulifika Baraza la Wawakilishi huko Harrisburg, na ilionekana dhahiri kwamba ungepita. Wapiga kura wa Stevens katika Kaunti ya Adams, wengi wao wakiwa wakulima wa asili ya Kijerumani, walikuwa wamemtaka aunge mkono kufutwa kwake. Tarehe 11 Aprili 1835 alisimama kupinga, akapendekeza badala yake muswada wa kuiimarisha sheria.

Hoja zake zilikuwa za namna nne. Kwanza, aliwaonyesha wajumbe kwa hesabu kwamba shule za pamoja zingewagharimu wananchi kidogo kuliko ada walizokuwa wakilipa. Pili, aliwajibu waliodai kwamba asiye na mtoto hanufaiki na shule: alikumbusha kwamba raia mwema hulipa kodi ya mahakama na magereza ingawa yeye hafungwi humo, na kwamba ni nafuu kulipia elimu inayozuia uhalifu kuliko kulipia adhabu yake. Tatu, alisema kwamba nchi ambayo kila raia anaweza kupiga kura na kuchaguliwa haiwezi kudumu ikiwa raia hao hawajui kusoma wala kupima mambo. Nne, aliushambulia muswada wa Seneti kwa kuwa ungewatia maskini alama ya kudumu mbele ya majirani zao na kuwatenga watoto wao na wenzao.

Stevens alikuwa mpinzani mkubwa wa Gavana Wolf kisiasa. Hata hivyo katika hotuba hiyo alimsifu gavana kwa kusimama na shule huku akijua kwamba angeweza kupoteza cheo, akawaomba wajumbe wa vyama vyote waweke kando ugomvi wao. Aliwaambia pia kwamba mwakilishi anayeogopa kura kuliko kweli hafai kuwa kiongozi.

Baraza lilikataa kuifuta sheria, likapitisha marekebisho ya Stevens kwa wingi wa kura. Seneti nayo ikabadili msimamo, na mfumo wa shule huru ukabaki. Hotuba ilichapishwa na kusambazwa sana.

Matokeo yake

Wolf alishindwa katika uchaguzi wa ugavana wa mwaka huohuo, kwa sehemu kutokana na suala la shule na kwa sehemu kwa sababu chama chake kiligawanyika na kusimamisha wagombea wawili. Mshindi, Joseph Ritner wa chama cha Stevens, aliendelea kuzitetea shule. Sheria mpya ya mwaka 1836 ilirahisisha utaratibu wa kodi na kuongeza mchango wa jimbo, na Thomas H. Burrowes alizunguka kaunti mbalimbali kuzisimamia shule na kuwashawishi wananchi.

Kukubali hakukuwa kwa mara moja. Wilaya nyingi za Wajerumani ziliendelea kukataa kwa zaidi ya miaka kumi, zikaacha fedha za jimbo zipite. Ni mwishoni mwa miaka ya 1840 ambapo mfumo ulifanywa wa lazima katika jimbo zima.

Katika mkutano wa katiba ya jimbo wa miaka 1837–1838 Stevens alikuwa mjumbe. Mkutano huo ulipoamua kuwanyima wanaume Weusi haki ya kupiga kura, alikataa kutia saini katiba hiyo.

Lancaster na Bunge la Marekani

Mwaka 1842 Stevens alihamia Lancaster. Nyumba yake ilisimamiwa na Lydia Hamilton Smith, mwanamke wa asili mchanganyiko, ambaye alikaa naye hadi kifo chake na baadaye akawa mfanyabiashara anayejitegemea. Mwaka 1851 Stevens alikuwa mmoja wa mawakili waliowatetea washtakiwa wa tukio la Christiana, ambapo watu waliotoroka utumwa walipambana na mmiliki aliyekuja kuwakamata, na mmiliki huyo akauawa. Mshtakiwa wa kwanza aliachiwa huru, na mashtaka ya uhaini dhidi ya wengine yakaporomoka.

Aliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1849 kwa chama cha Whig, akatoka mwaka 1853, na kurudi mwaka 1859 kwa chama cha Republican. Vita vilipoanza alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia mapato ya serikali. Kamati hiyo ilitafuta fedha za vita kwa kodi mpya, mikopo na, kuanzia mwaka 1862, noti za karatasi zilizotolewa na serikali. Mwaka 1863 jeshi la Kusini liliteketeza kiwanda chake cha chuma cha Caledonia, karibu na Gettysburg, kwa sababu ya msimamo wake juu ya utumwa.

Alimhimiza Rais Abraham Lincoln awaachie watumwa huru mapema na kuwaandikisha Weusi jeshini. Alisimamia pia kupitishwa kwa Rekebisho la 13 la Katiba, lililokomesha utumwa mwaka 1865.

Ujenzi mpya wa Kusini

Baada ya vita Stevens alidai kwamba uhuru bila ardhi, kura na elimu ungekuwa uhuru wa jina tu. Mwaka 1866 alipendekeza ardhi iliyonyang'anywa kwa mabwana wakubwa wa Kusini igawiwe kwa waliokuwa watumwa. Wabunge wengi, hata wa chama chake, waliona kwamba pendekezo hilo limevuka mipaka, wakalikataa.

Alikuwa kiongozi wa upande wa Baraza la Wawakilishi katika kamati iliyoandaa Rekebisho la 14, ambalo linalikataza kila jimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Rekebisho hilo lilikuwa dhaifu kuliko alivyotaka, lakini alilipigia kura akiamini kwamba kupata kidogo ni afadhali kuliko kukosa vyote. Liliidhinishwa mwaka 1868.

Sheria za mwaka 1867 alizozipigania ziliyataka majimbo ya Kusini yaandike katiba mpya kwa kuwashirikisha wapiga kura Weusi. Katiba hizo, kama ile ya South Carolina ya mwaka 1868, ziliweka msingi wa shule za umma zinazogharimiwa kwa kodi katika majimbo ambayo kabla ya vita yalikuwa yamefanya kidogo sana katika jambo hilo, na ambako kumfundisha mtumwa kusoma mara nyingi kulikuwa kosa la jinai.

Mwaka 1868, akiwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye kiti, aliongoza juhudi za kumwondoa madarakani Rais Andrew Johnson. Seneti ilikosa kura moja tu kufikia theluthi mbili zilizohitajika.

Kifo

Stevens alifariki Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868, akiwa na umri wa miaka 76. Mwili wake uliwekwa katika jengo la Bunge, ukilindwa na askari Weusi, na maelfu walipita kutoa heshima. Alizikwa Lancaster katika makaburi madogo ya Shreiner, aliyoyachagua mwenyewe kwa sababu makaburi mengine ya mji yaliwabagua watu kwa rangi. Maandishi aliyoyaandaa kwa ajili ya jiwe la kaburi lake yanaeleza kwamba alitaka kuonyesha hata katika kifo usawa wa binadamu mbele ya Muumba.

Katika wosia wake aliacha fedha za kuanzisha makao ya yatima wasiobaguliwa kwa rangi wala asili. Shule iliyotokana na wosia huo ilianzishwa Lancaster mwaka 1905, na leo inaitwa Thaddeus Stevens College of Technology.

Urithi

Kwa miongo mingi baada ya kifo chake sifa ya Stevens ilichafuliwa. Waandishi waliouonea huruma upande wa Kusini walimchora kama mtu wa chuki na kisasi, na filamu ya The Birth of a Nation (1915) ilimtumia kama kielelezo cha mhusika mwovu. Kuanzia katikati ya karne ya 20 wanahistoria walianza kumtathmini upya. Katika filamu ya Lincoln (2012) aliigizwa na Tommy Lee Jones.

Suala la nani alipie shule halikuisha. Kwa kuwa wilaya hutegemea kodi ya mali ya eneo lake, wilaya yenye nyumba na biashara za thamani hukusanya fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi, wakati wilaya maskini hutoza kiwango kikubwa na bado hupata kidogo. Mwaka 1973, katika kesi kutoka San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba tofauti hizo hazivunji kipengele cha ulinzi sawa cha Rekebisho la 14, lile ambalo Stevens alisaidia kulitunga. Tangu hapo madai ya aina hiyo hupelekwa zaidi katika mahakama za majimbo na kutegemea katiba za majimbo.

Katika Pennsylvania yenyewe, wilaya kadhaa za shule, wazazi na mashirika walilishtaki jimbo. Tarehe 7 Februari 2023 mahakama ya jimbo iliamua kwamba mfumo wa kugharimia shule unavunja katiba ya Pennsylvania, kwa kuwa wanafunzi wa wilaya maskini wananyimwa nafasi sawa ya kupata elimu bora. Uamuzi huo uliliacha bunge huko Harrisburg na wajibu wa kutunga sheria ya kurekebisha mfumo huo.